Rufani ya Dada Yangu

Wengi wenu mmeniuliza, njiani au mbele ya mlango wa shule, kesi ya marehemu dada yangu iliishaje. Kila mara nilijibu kwa maneno machache, kisha nikauliza habari za watoto wenu ili mazungumzo yageuke. Sasa nimeona afadhali niandike yote, kwani najua ya kuwa katika nyumba zenu pia wamo wagonjwa ambao waganga walikosea juu yao, na wamo watu wanaojiuliza kama yafaa kwenda mbele ya mahakimu, na wakishindwa mara ya kwanza, kama yafaa kwenda tena.

Dada yangu alinizidi miaka sita. Nilimwita Yaya, kama ilivyo desturi yetu ya Katanga. Ndiye aliyenilipia karo kwa kuuza samaki wakavu katika soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi. Nilipoingia seminari alinishonea mashuka mawili, na miaka ile nilipotoka bila kufikia upadre, kati ya watu wote wa ukoo ndiye peke yake asiyeniuliza sababu. Alinipikia bukari, akanionyesha mahali pa kulala, basi.

Mwezi wa Februari mwaka 2014 alikuwa akimnyonyesha mtoto wake wa mwisho, msichana wa miezi saba. Akaona uvimbe katika titi la kushoto, mgumu, mdogo kama punje ya karanga, usiouma. Akaenda hospitali moja ya mji wetu. Sitaitaja jina, wala jina la mganga. Mganga alimpapasa, akasema ni maziwa yaliyoganda, akamwandikia dawa. Mwezi wa Aprili uvimbe ulikuwa pale pale, hata umekua kidogo. Yaya alirudi kwa mganga yule yule. Akapapaswa tena, akaulizwa kama anasikia maumivu. Akasema hapana. Mganga akamwambia: «Kama hauumi, usiogope, Mama.» Akapewa dawa zile zile.

Hapa nasimama kidogo kwa ajili ya akina mama wanaosoma. Neno lile si kweli, nalo limewadhuru watu wengi. Kansa ya titi mara nyingi haiumi inapoanza. Na mwanamke anayenyonyesha yumo katika hatari ya kudanganyika kuliko wengine, kwa sababu titi lake limejaa maziwa, lina mafundo ya kawaida, na kila mtu yu tayari kusema: ni maziwa tu. Mara nyingi ni maziwa kweli. Lakini fundo lisilokwisha baada ya majuma mawili halitambuliwi kwa vidole peke yake. Latakiwa kupimwa kwa ekografi, na ikilazimu kuchomwa sindano na kutolewa kipande kidogo cha nyama, kipelekwe maabara kikaangaliwe kwa darubini. Kunyonyesha hakuzuii kazi hiyo. Ombeni jambo hilo kwa adabu, lakini ombeni. Tena tunzeni kadi zenu za zahanati. Bila kadi ya Yaya yenye tarehe mbili za mwaka 2014, hatungekuwa na neno lolote la kusema mbele ya korti.

Mwezi wa Novemba ngozi ya titi ilikuwa imekunjamana kama ganda la chungwa, na chuchu imezama ndani. Mkunga mmoja wa jirani alipoiona alimshika mkono siku ile ile, akampeleka kwa mganga mwingine. Kipande kilitolewa, jibu likaja: kansa, tena imekwisha kuenea kwapani na mifupani. Alitibiwa kwa dawa kali zilizomwangusha nywele. Alikufa mwezi wa Machi mwaka 2016. Mungu ampumzishe.

Mumewe, shemeji yangu, ni fundi wa baiskeli, mtu wa maneno machache. Mwaka 2017 alifungua kesi ya madai mbele ya Tribunal de grande instance. Mimi niliandika barua zake zote. Wakili wetu alitufahamisha ya kuwa sheria yetu juu ya jambo hili ni ya zamani mno: ni kifungu cha 258 cha Kitabu cha Tatu cha sheria ya madai, kilichotoka katika dekreti ya tarehe 30 Julai 1888. Chasema ya kuwa mtu yeyote aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake amelazimika kuitengeneza. Ni maneno machache, lakini ndani yake mna mambo matatu ambayo mdai hana budi kuyaonyesha: kosa, hasara, na kiungo kinachofunga kosa na hasara. La tatu ndilo lililotushinda.

Hukumu ilitolewa mwezi wa Aprili mwaka 2018. Hakimu alisema mambo mawili. La kwanza: mganga akikosea kuutambua ugonjwa, hilo peke yake si kosa mbele ya sheria, magonjwa hujificha, na mganga hakuahidi kuponya bali kufanya kazi yake kwa uangalifu, kama mganga mwenzake mwenye akili angalifanya. Neno hili, ijapokuwa lilinichoma, naona ni neno la haki. Kama kila mganga aliyekosea angeshitakiwa, nani angebaki hospitalini? La pili: mtaalamu aliyeulizwa na korti alijibu ya kuwa hata kama kansa ingalitambuliwa mwezi wa Februari, hakuna awezaye kusema kwa hakika ya kuwa mgonjwa angaliishi. Basi kiungo hakikuonekana. Kesi ikaanguka, na gharama zikawa juu yetu.

Mjumbe wa korti alileta nakala ya hukumu nyumbani kwa shemeji, Katuba, siku ya Jumanne tarehe 8 Mei. Toka siku ile tulikuwa na siku 30 za kukata rufani. Hizo zikipita, hukumu ya kwanza inakuwa neno la mwisho.

Jumapili iliyofuata ukoo ulikutana. Mama yetu alisema: «Wanangu, mwenzenu amelala. Mbona mnataka kumwamsha kwa karatasi?» Mjomba alitaka twende mbele kwa sababu ya fedha; alikuwa amekwisha hesabu, na sitaandika hapa alivyohesabu. Shemeji alinyamaza muda mrefu, kisha akasema hataki fedha ya mtu. «Nataka mtu mmoja mwenye mamlaka aandike ya kuwa mganga yule alipaswa kumpeleka mke wangu kwenye kipimo. Hilo tu.» Kisha wote wakanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma.

Nikaomba wanipe majuma mawili. Hukumu ile nilikuwa nimeisoma mara nne, na lililonisumbua ni neno «kwa hakika». Katika seminari tulifundishwa falsafa ya sababu na tokeo. Mwalimu wetu, padre mzee, alituonya kila juma tusidhani ya kuwa jambo likifuata jingine, basi limezaliwa nalo: jogoo huwika, jua huchomoza, lakini jogoo hakulileta jua. Nikajiuliza: je, sisi tulikuwa tukimshitaki jogoo? Yaya alikwenda kwa mganga, kisha akafa. Lakini kansa haikuletwa na mganga.

Tunaye ndugu afanyaye kazi ya uwakili Ndola, ng'ambo ya mpaka, katika Zambia. Kule waliirithi sheria ya Waingereza. Nikampigia simu, nikamweleza. Baada ya siku nne basi la Kasumbalesa liliniletea bahasha nene. Ndani yake mlikuwa hukumu ya House of Lords ya Uingereza ya tarehe 27 Januari 2005. Korti hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kule hata mwaka 2009, ndipo Supreme Court ikachukua mahali pake. Niliisoma usiku, kamusi mkononi, kwa maana Kiingereza changu ni cha kubabaisha.

Ndugu wasomaji, nilidhani nasoma habari za Yaya. Mwanamume mmoja aliona uvimbe chini ya mkono wake wa kushoto. Mwezi wa Novemba mwaka 1994 alikwenda kwa mganga wake. Mganga akamwambia ni mafuta yaliyokusanyika tu, wala hakumpeleka kwa mkubwa wa kazi. Ilikuwa kansa ya tezi za limfu. Matibabu yalichelewa miezi tisa. Nilipofika kwenye maneno hayo niliweka kitabu chini: toka Februari hata Novemba, kwa Yaya pia ni miezi tisa.

Hakimu wa kwanza wa Uingereza alikubali ya kuwa mganga alikosa. Tena akakubali, kwa ushuhuda wa wataalamu, ya kuwa uchelewesho ule ulipunguza nafasi ya mgonjwa ya kupona kutoka 42 kwa mia hata 25 kwa mia. Na hata hivyo hakumpa kitu. Kwa nini? Sheria yao huuliza swali moja tu juu ya mambo yaliyopita: je, yaelekea ndiyo kuliko hapana? Ikizidi nusu, huhesabiwa kuwa hakika. Ikipungua nusu, huhesabiwa kuwa si kitu. Mtu huyu toka mwanzo alikuwa na nafasi ya 42, yaani chini ya nusu. Basi, yaelekea hangalipona hata kama mganga angalifanya kazi yake sawasawa. Kwa hiyo hakupoteza kitu!

Mimi ni mwalimu wa hesabu pia. Mtoto akiniandikia ya kuwa 42 ukitoa 25 hubaki sifuri, namrudishia daftari.

Mgonjwa yule alikata rufani, akashindwa. Akakata tena, ndipo akafika mbele ya mahakimu watano wa mwisho. Watatu walimkatalia, wawili walimkubalia. Lord Nicholls na Lord Hope ndio waliokuwa upande wake. Lord Nicholls aliona ya kuwa mtu aliyenyang'anywa nafasi ya kupona ya 45 amepoteza kitu cha kweli sawa na aliyenyang'anywa ya 55, na ya kuwa wajibu wa mganga unakuwa ganda tupu kama mgonjwa mwenye nafasi ndogo hawezi kudai lolote anapotupwa. Nilipiga mstari chini ya maneno hayo. Lakini kwa haki yafaa niseme ya kuwa wale watatu hawakuwa watu wa moyo mgumu. Lord Hoffmann alisema badiliko kubwa namna ile ni kazi ya wale watungao sheria, si ya mahakimu. Baroness Hale aliwaza jambo ambalo sikuwa nimeliwaza hata kidogo: kama nafasi iliyopotea ni hasara, basi hata mwenye nafasi iliyozidi nusu, ambaye chini ya kanuni ya zamani hulipwa yote, atalipwa sehemu tu, na kesi zote za majeraha zitageuka kuwa ubishi wa hesabu. Hakimu wa tatu alikuwa Lord Phillips. Naye aliona jambo jingine: mwenye kesi alikuwa bado hai, miaka kumi baada ya kumwona mganga yule! Hesabu za watu wengi zilisema hivi, na mwili wa mtu mmoja ulikuwa ukisema vile.

Siku ile nilimwonea wivu Mwingereza yule, Mungu anisamehe. Alishindwa kesi, lakini alishindwa akiwa hai.

Ndugu yetu wa Ndola alikuwa ameongeza barua ya kurasa mbili. Alinieleza ya kuwa neno hili lilikuwa limekwisha kukatwa kule mwaka 1987, katika kesi ya mvulana wa miaka 13 aliyeanguka kutoka mtini akaumia nyonga. Hospitali haikuliona jeraha kwa siku tano. Korti mbili zilimpa robo ya malipo kwa sababu alikuwa na robo ya nafasi ya kupona. House of Lords ikamwondolea hata robo hiyo. Lakini katika jimbo la Washington, huko Marekani, mambo yaligeuka njia nyingine. Mwaka 1983 korti kuu ya jimbo hilo ilimsikia mjane wa mtu aliyekufa kwa kansa ya mapafu iliyochelewa kutambuliwa. Nafasi ya mumewe ilikuwa imeshuka kutoka 39 hata 25. Hesabu karibu ile ile! Hakimu wa chini alikuwa ameitupa kesi; rufani ikamrudishia mjane haki ya kusikilizwa.

Nikapeleka karatasi zote kwa wakili wetu. Akacheka kidogo, akasema: «Mwalimu, umekwenda mbali kutafuta maji, na kisima kipo nyuma ya nyumba.» Akanikumbusha ya kuwa sisi wa Kongo hatukurithi sheria ya Waingereza bali ya Wabelgiji, na ile ya Wabelgiji ilitoka katika kitabu cha sheria cha Napoleon cha mwaka 1804. Kifungu chetu cha 258 ni mtoto wa kifungu cha 1382 cha kitabu hicho. Na Wafaransa, watumiao maneno yale yale, wamekubali toka mwaka 1965 ya kuwa kupoteza nafasi ya kupona ni hasara yenyewe. Kesi ile ya mwaka 1965 ilikuwa ya mtoto aliyevunjika mkono, na mganga hakuutambua mvunjiko ulivyokuwa. Kule hakimu haulizi tena kama mgonjwa angalipona kwa hakika. Huuliza nafasi gani ilichukuliwa, ndipo hukata malipo kwa kadiri yake. Hukumu za Wafaransa hazimfungi hakimu wetu, lakini anaweza kuzisikia kama mtu asikiavyo shauri la kaka yake.

«Katika rufani,» wakili akaendelea, «hatuwezi kuleta dai jipya, lakini tunaweza kuleta hoja mpya kwa dai lile lile. Cour d'appel itaitazama kesi yote upya, mambo yaliyotokea na sheria yenyewe. Si kama Cour de cassation ya Kinshasa, itazamayo sheria tu. Tutasema: mganga hakuleta kansa, lakini alichukua miezi. Ila, Mwalimu, ikiwa tutadai miezi, lazima tuihesabu miezi. Wenzetu watauliza: toka Aprili hata Novemba mlikuwa wapi?»

Sikujibu. Mbele ya korti ya kwanza shemeji alikuwa amesema ya kuwa mkewe alikuwa akingoja dawa zifanye kazi, kama alivyoambiwa. Mimi nilikuwa nimeketi katika benchi la pili nikisikiliza, nikatazama viatu vyangu.

Sasa nasema lile nililolificha. Mwezi wa Juni mwaka 2014 Yaya alikuja nyumbani kwangu jioni. Akaniambia uvimbe haujakwisha. Anafikiri kwenda kwa mganga mwingine, lakini ana upungufu wa fedha. Akanionyesha mahali penyewe juu ya nguo. Nilikuwa nikisahihisha mitihani ya mwisho wa mwaka, meza imejaa karatasi. Nikamjibu: «Yaya, Bwana Mganga amekuona mara mbili. Sisi tumesoma nini hata tumfundishe kazi yake?» Akacheka, akasema: «Wewe ndiwe uliyesoma.» Akainuka, akaenda zake. Hakuniomba tena. Toka Juni hata Novemba ni miezi mitano. Katika ile tisa, mitano ni yangu.

Nilimwambia wakili. Alivua miwani akaifuta. «Hakuna aliyekuuliza,» akasema. Ni kweli, hakuna aliyeniuliza. Katika darasa la moral tulijifunza tofauti kati ya kusema uongo na kunyamaza, na nilipata alama nzuri sana katika mtihani huo. Usiku ule ujuzi wangu haukunisaidia. Nilikuwa nimepiga mstari chini ya maneno ya Lord Nicholls, nikitaka yasomwe dhidi ya mtu mwingine. Nami nilijua ya kuwa hesabu ile, ikisomwa sawasawa, ina majina mawili.

Siku ya ishirini na tano nilikwenda Katuba. Shemeji alikuwa uani, baiskeli imepinduliwa, akinyoosha gurudumu. Nikamweleza yote nimesimama, kama mtoto anayeungama mara ya kwanza. Hakuacha kazi. Aligeuza gurudumu, akalitazama kama linakwenda sawa, kisha akasema:

«Nilijua, Mwalimu. Aliniambia usiku ule ule aliporudi.»

«Mbona hukusema miaka hii yote?»

«Ungeacha kuja kula kwetu. Watoto wangekosa mjomba.»

Kisha, baada ya kitambo, akaniambia jambo ambalo mimi nami sikulijua. Mwezi ule wa Juni alikuwa na fedha ya mabati, imefungwa katika kitambaa chini ya kitanda. Yaya alijua ipo. Mvua za Oktoba zilikuwa mbele, nyumba ilikuwa ikivuja, naye mwenyewe alisema mabati yatangulie, maana uvimbe hauumi. «Mganga alisema hauumi, usiogope. Sote watatu tulimsadiki,» akasema shemeji. Tukakaa kimya. Mtoto yule aliyenyonya mwaka 2014 alikuja akaniomba nimchongee kalamu.

Jumatatu tarehe 4 Juni mwaka 2018 tulikwenda pamoja kwenye ofisi ya karani wa Cour d'appel, shemeji akatia sahihi yake. Zilikuwa zimebaki siku tatu. Katika karatasi tuliyoweka tuliandika habari za mwezi wa Juni, za mitihani na za mabati, kama zilivyokuwa. Wakili alituonya ya kuwa tunawapa wenzetu fimbo ya kutupiga. Hata hivyo aliiandika vizuri.

Kesi ilisikilizwa mwaka 2019. Fimbo ile ilitumika kweli. Wakili wa upande wa pili, mtu hodari wa kusema, alisoma maneno yangu kwa sauti, kisha akasema: «Tazameni, Waheshimiwa! Hata ndugu wa marehemu, mtu wa elimu, aliona ya kuwa mganga amefanya yaliyotosha.» Watu waligeuka kunitazama. Kati yao walikuwamo wazazi wawili wa wanafunzi wangu. Jaji mkuu aliniita mbele, akaniuliza swali moja tu: kwa nini nilimsadiki mganga kuliko dada yangu?

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Yote yalitoroka. Nikasema: «Kwa sababu alikuwa mganga, Mheshimiwa.»

Akaandika. Akaniruhusu niketi.

Hukumu ya rufani ilisomwa miezi kadhaa baadaye. Kuhusu kifo chenyewe tulishindwa tena. Majaji waliona, kama yule wa kwanza, ya kuwa hakuna awezaye kusema Yaya angaliishi. Lakini waligeuza neno la kwanza. Waliandika ya kuwa kupapasa mara ya kwanza na kudhani ni maziwa kwaweza kusamehewa. Ila mgonjwa aliporudi na uvimbe umekua baada ya dawa, mganga mwangalifu angalimpeleka kwenye kipimo, na kumwambia asiogope lilikuwa kosa. Wakaandika tena ya kuwa ukoo ulichelewa kwa kuyategemea maneno yale yale ya mganga, wala uchelewesho huo hauwezi kumwondolea kosa lake. Kwa miezi iliyopotea walimpa shemeji na watoto malipo, si makubwa. Mjomba alisikitika sana. Mama aliuliza kama jina la Yaya limeandikwa vema, maana katika karatasi za kwanza walikuwa wamelikosea. Nikamwonyesha, akalipapasa kwa kidole.

Mimi sikupata amani niliyoitazamia. Majaji waliniondolea lawama kwa mstari mmoja, na sijui kama Yaya angaliniondolea kwa wepesi huo. Au labda aliniondolea siku ile ile mlangoni, alipocheka. Sasa nimekwisha kuupita umri aliokuwa nao alipougua. Mke wangu akisema anaumwa, au akisema ana kitu kisichouma, naacha kalamu.

Upande wa pili haukwenda Cour de cassation. Sehemu ya fedha imelipwa. Sehemu nyingine tunaingoja bado, na karani hutuambia turudi mwezi ujao. Shemeji hakujali sana. Aliomba nakala ya hukumu yenye muhuri, akatafuta ukurasa ule unaosema ya kuwa mganga alipaswa kumpeleka mkewe kwenye kipimo, akaniomba nimsomee kwa Kifaransa kwanza, kisha kwa Kiswahili, taratibu. Akaukunja mara mbili. Ameuweka katika sanduku la bati, pamoja na cheti cha ndoa na ile kadi ya zahanati ya mwaka 2014.